Etaje Haina Nyumba ya Nyuma

Habari ilimkuta Gaston Bulonza jikoni, kitambaa begani, akipanga vikombe vya kahawa juu ya sinia. Madame Delvigne aliingia kutoka sebuleni akiwa bado na tabasamu la maneno ya wageni wake. Akasema kwa upole, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo:

"Gaston, nilikuwa nasahau. Monsieur Pirard ameniambia mutu alikuja pale chini, saa ya chakula. Bibi yako iko mugonjwa kidogo. Ukimaliza vyombo, unaweza kuenda mapema leo."

Gaston akaweka kikombe alichokuwa nacho mkononi.

"Mutu gani, Madame?"

"Sijui. Muzee mumoja. Inaonekana angali iko inje anakungojea."

Gaston alishika ukingo wa meza. Bibi aliyesemwa ni mke wake, Adèle, aliyekuwa amemwacha nyumbani Kadutu, mtaa wa mlimani. Kwao mtu mzima haachi shughuli zake na kushuka kutoka Kadutu mpaka mjini eti kuja kusema kuna mafua nyumbani. Na habari nzito haimwagwi mlangoni pa watu. Anatumwa mtu mwenye mvi. Anakuja, anakaa mbele yako, anaomba maji ya kunywa, anasema maneno mepesi ya kupitisha muda, halafu anasimama pamoja nawe na kukutembeza polepole mpaka kwako. Maneno anayoyasema si kitu. Yeye mwenyewe kuja ndiyo habari, na ukimwona tu uso wake umekwisha kujua. Siku hiyo maneno yalipandishwa ngazi, mtu akaachwa chini.

Zamani habari ya namna hiyo isingekuwa na ngazi ya kupanda. Zamani Gaston na mke wake Adèle waliishi Muhumba, kwenye villa ya hao hao akina Delvigne, katika nyumba ndogo ya matofali iliyojengwa nyuma kwa ajili ya watumishi, ile ambayo watu wa Bukavu wanaiita boyerie. Villa ilitazama ziwa, boyerie ikatazama mgongo wa villa. Katikati palikuwa na bomba la maji, kamba ya nguo, na kipande cha ardhi ambacho Bwana Delvigne, mwalimu wa elimu ya udongo, alisema hakifai kwa maua. Adèle alikiangalia kipande kile siku waliyohamia, akajifunga kikwembe vizuri kiunoni na kusema, "Kama haifai maua, itafaa batu." Akapanda sombe, akapanda lengalenga, na migomba kando ya ukuta. Haikupita mvua mbili, Madame akaanza kutuma kuomba mboga kwake.

Adèle alikuwa mtoto wa Idjwi. Baba yake alilima mananasi kule kisiwani, na masista ndio waliomvusha ziwa ili ajifunze kushona. Gaston alimwona parokiani, akiwa anawasahihisha wanakwaya waliomzidi umri, na hakuna aliyethubutu kumkasirikia. Siku ya mahari, kasiksi ilipokwisha kunywewa na wazee wakaanza kuinuka, baba mkwe alimvuta Gaston pembeni.

"Wewe iko mupishi wa bazungu," akamwambia. "Bapishi banalala kule banapikia, na bibi zao banalala na ukuta. Mutoto yangu, usimulaze peke yake."

"Papa," Gaston akajibu, "fasi nitalala, njo fasi atalala."

Hakushika Biblia alipoahidi hivyo kwamba watalala mahali pamoja. Lakini neno linalotolewa mbele ya baba wa mwanamke, kasiksi ikiwa ingali mdomoni, lina uzito wake, na Gaston alilibeba kama alivyobeba ubatizo wake. Na ile nyumba ya nyuma ilimsaidia kulitunza. Jioni aligawa supu mezani kwa wazungu, akaosha sahani, akavuka uwanja, akamkuta Adèle amekaa mbele ya mbabula ya makaa na bugali imefunikwa. Watoto wao walizaliwa pale. Clémence, mkubwa wao, alijifunza rozari akiwa amekaa kwenye kizingiti cha boyerie. Jumatano wanawake wa shirika la parokia walipita lango la nyuma, wakaweka mkeka chini ya migomba, wakasali. Madame alisikia nyimbo na kufungua dirisha la jiko ili azisikie vizuri zaidi. Hilo lazima lisemwe pia, maana lilikuwa kweli.

Halafu ukaja mwaka ambao serikali ilitwaa maduka na mashamba ya wageni na kuwapa wananchi. Bwana Delvigne hakuguswa, yeye alikuwa mwalimu aliyeletwa kwa mkataba. Lakini mfanyabiashara wa villa ya jirani aliondoka na masanduku mawili, na nyumba yake ikapata mwenyewe mpya, mtu mkubwa kutoka mbali, mwenye suti ya abakosti iliyonyooshwa na sauti ya mkutano. Mtaani wote walimwita Citoyen tu, yaani Mwananchi, kama kila mtu alivyotakiwa kuitwa wakati ule; jina lake hawakuhangaika nalo.

Citoyen alipenda watu. Alikuwa na kinanda cha santuri chenye maspika mawili marefu kama makabati, na miziki ya Kinshasa ilianza kwake Ijumaa na kukoma watu wakienda misa. Alikuwa na mbwa, alikuwa na mbuzi. Alikata ua wa miti uliotenganisha parcelle mbili, kiwanja chake na cha akina Delvigne, kwa sababu ulimzuia kuona ziwa, na mbuzi wakapita pale pale. Siku moja Bwana Delvigne alikwenda kumsemesha, kofia mkononi.

"Citoyen, mbuzi yako imekula maua ya Madame."

"Monsieur le professeur," Citoyen akajibu, "mbuzi ya Zaïre imekula majani ya Zaïre. Ama hayo maua ulikuya nayo mu valizi?"

Sentineli, mlinzi wa lango, alicheka mpaka akakaa chini. Hata Gaston, aliyekuwa anaandaa meza kwa ajili ya chai, aligeuka akajifunika uso kwa sinia. Usiku ule alimsimulia Adèle, wakacheka pamoja. Hawakujua kwamba wanacheka nyumba yao.

Kwani Madame aliacha kulala. Alianza kuhesabu kelele za usiku. Na mezani maongezi yakageuka kuwa yale yale kila wageni walipokuja: nyumba au etaje, jengo la ghorofa? Wazungu wa Bukavu wakati ule walibishana juu ya jambo hilo kama wanaume wanavyobishana juu ya mpira. Gaston alizunguka na sahani ya wali nyuma ya migongo yao, akasikia yote.

"Nyumba ina udongo," alisema Bwana Delvigne. "Mtu anafungua mlango, anakanyaga chini. Etaje ni kabati. Wanakuweka kwenye rafu."

"Nyumba ina wezi," alisema Madame. "Ina paa linalovuja, ina tanki la maji, ina ua wa kukata. Na ina jirani, na huyo jirani hakuna wa kumshitakia."

"Njooni kwetu," alisema Monsieur Pirard, mzee mwembamba aliyekuwa na shamba la kahawa kabla halijatwaliwa, na ambaye sasa aliishi peke yake katika etaje moja ya katikati ya mji. Wakazi wa pale, karibu wote wageni, walikuwa wamemchagua kuwa msimamizi wao. "Kwetu kuna utaratibu. Mnafunga mlango mmoja, dunia yote inabaki nje. Apartema iliyo juu yangu iko wazi."

"Utatusikia tukitembea," Bwana akasema.

"Mtatembea taratibu," Pirard akajibu, na wote wakacheka.

Gaston alileta maongezi hayo boyerie pamoja na mabaki ya kuku. Adèle alisikiliza, akilamba vidole.

"Na iyo etaje," akauliza mwishoni, "iko na nyumba ya nyuma?"

Gaston akaendelea kukusanya mifupa ya kuku.

"Umesikia swali yangu, Papa Clémence? Bote banasema mimi napenda udongo, mimi napenda mulango moja. Mwenye aliuliza na sisi tutalala wapi, alikuwa nani?"

"Hakuna."

"Basi, ulize wewe."

Aliuliza. Ilimchukua siku kupata pumzi ya kuuliza, na Madame alishangaa kwa wema wa kweli. "Lakini Gaston, mutapata nyumba yenu mwenyewe! Kadutu iko na vyumba mingi. Hautakuwa tena boyi wa nyuma ya nyumba ya mutu. Utapenda, utaona." Akampa kitanda na meza ambavyo havingeingia katika apartema. Bwana Delvigne alisimama dirishani wakati wa maneno hayo, akiwa amewapa mgongo, na hakusema kitu.

Basi wakahama. Camion moja ilishuka kwenda mjini na vitu vya wazungu, nyingine ikapanda Kadutu na kitanda, meza, sufuria na watoto. Chumba cha Kadutu kilikuwa kwenye mteremko, mlango wake ukitazama ukuta wa jirani kwa umbali wa mkono. Hapakuwa na udongo wa kupandia hata kitunguu. Maji yalikuwa chini bondeni, na wakati wa mvua njia ya kuyapandisha iligeuka sabuni. Adèle hakulalamika mbele ya watoto. Alisafisha chumba, akatundika msalaba, akatundika picha ya Bikira, akasema, "Mungu anapita hata mu njia nyembamba."

Etaje nayo ilikuwa na mambo yake. Wafanyakazi walipita ngazi ya chuma ya nyuma, mvua au jua. Mbabula ilikatazwa kwenye veranda. Kutwanga sombe kulikatazwa, ndani na chini. Baada ya chakula cha mchana mpaka jua lilegee, ilikuwa saa ya wazungu kupumzika, na hakuna mlango uliogongwa. Na mgeni wa mfanyakazi hakupanda, wala hakuingia barazani. Mwenye shida alimwambia sentineli, kijana mpole wa Shabunda, sentineli akamwambia Monsieur Pirard, na Monsieur Pirard akaamua kama shida hiyo ni shida.

Hata wenyewe akina Delvigne hawakuponea. Kila Bwana alipovaa viatu, ufagio uligonga kutoka chini: gong, gong, gong. Akaanza kutembea na soksi. Mtu aliyezoea kuchimba na kunusa udongo alizunguka kutoka dirisha hadi dirisha kama mbuzi wa kufungwa. Madame aligombana na Pirard juu ya maji ya kumwagilia maua yaliyodondoka kwenye veranda ya chini, wakaacha kusalimiana, wakasalimiana tena, wakaacha. Walikuwa wamekimbia jirani mwenye kelele, wakaangukia jirani mwenye masikio. Lakini usiku Madame alilala, na mwenye kulala usiku hana haraka ya kuhama.

Asiyelala alikuwa Adèle. Chakula cha jioni cha wazungu kilikwisha kwa kuchelewa, na njia ya kupanda Kadutu ilikuwa na askari waliosimamisha watu na kuwauliza maswali ambayo hayakuwa na jibu zuri. Kwa hiyo, wageni walipokuwepo, Gaston alijikunja katika kijumba cha sentineli mpaka alfajiri. Mwanzoni ilitokea mara chache. Baadaye, nyumbani waliacha kumfunikia bugali siku za wageni.

"Papa yangu alikuambiaka nini?" Adèle alimuuliza siku moja, bila hasira.

"Nakumbuka."

"Sikushitaki. Nauliza tu kama ungali unakumbuka."

"Mwaka kesho banarudi mu villa," Gaston akasema. "Bwana anapenda. Utaona." Alisema hivyo mwaka huo, akasema tena mwaka uliofuata.

Kulikuwa na siku Gaston aliondoka nyumbani na homa, na Adèle akamfuata mjini na dawa na shati kavu. Mvua ilimkuta mbele ya etaje. Akasimama chini ya kipaa cha mlango mkubwa, kifurushi kifuani. Monsieur Pirard akashuka na mwavuli wake.

"Huyu ni nani?" akamuuliza sentineli.

"Bibi ya Citoyen Bulonza, Patron. Mupishi wa juu."

"Na anafanya nini hapa?"

"Nangojea mvua iishe, Monsieur," Adèle akajibu mwenyewe, kwa Kifaransa chake cha masista.

Pirard hakumtazama. Alimwambia sentineli, "Leo ni mmoja, kesho ni soko zima," akafungua mwavuli, na kusubiri pale pale mpaka Adèle atoke kuingia mvuani. Sentineli aliona haya, akapokea kifurushi. Adèle alipanda Kadutu akiwa amelowa mpaka mifupani. Usiku alisema, "Miaka yote ile niliishi ku mugongo ya bazungu na hakuna mwenye alinifukuza. Leo nimekuwa matope ya ku ngazi." Hakukanyaga tena pale.

Wengine katika familia wanasema kifua chake kilianza na mvua ile. Wengine wanasema ni maji ya bondeni, na mteremko, na baridi ya ukuta. Mungu ndiye anayejua. Kikohozi kilikuja, kikakaa, kikafanya kama kinaondoka, kikarudi. Dispensari walimpa vidonge. Alikonda, lakini Jumatano aliendelea kwenda kusali kwa Séraphine, mama aliyeongoza shirika, ambaye alikuwa na uwanja mdogo wa kutandika mkeka. Gaston alipomwambia Madame kwamba mke wake haponi, Madame alitoa sirapu ya kikohozi kabatini mwake, chupa nzima. Aliuliza habari zake kila Jumatatu. Hilo nalo lazima lisemwe.

Siku ile ya habari, asubuhi ya Jumamosi, Gaston alipotoka, Adèle alikuwa amekaa kitandani anamsuka Clémence. "Kuna bageni leo?" akauliza. "Ya mangaribi hapana. Ya muchana tu," Gaston akajibu. "Nitarudi mbele ya jua kuzama." Adèle akatikisa kichwa na kurudi kwenye nywele za mtoto.

Sasa Gaston alikuwa jikoni kwa Madame, ameshika meza. Alivua kitambaa begani, akakiweka juu ya vikombe, akatoka. Hakutoka kwa mlango wa jikoni. Alipita sebuleni, katikati ya wageni, akashuka ngazi kubwa ya mbele, ile ya saruji yenye kung'aa. Kwenye ghorofa ya kwanza Monsieur Pirard alifungua mlango wake.

"Wewe! Ngazi yako ni ya nyuma!"

"Leo hapana, Monsieur," Gaston akasema, akapita.

Nje, ng'ambo ya barabara, Mushagalusa alikuwa amekaa juu ya jiwe la ukingo. Alikuwa katekista wa mtaa wao, mzee mwenye ndevu nyeupe, na rozari ilikuwa imezungushwa kwenye vidole vyake. Alikuwa amekaa pale tangu sahani za kwanza zilipopelekwa mezani juu. Alipomwona Gaston, akasimama, akafuta suruali yake.

"Mwanangu, twende nyumbani."

"Papa Mushagalusa, ulifika lini?"

"Twende tu."

"Iko namna gani?"

"Iko mugonjwa kidogo. Twende."

Wakapanda. Mzee hakuweza kwenda haraka na Gaston hakuweza kumwacha, kwani yeye aliyetumwa ndiye anayepaswa kumfikisha. Hiyo nayo ni desturi, na siku ile ilikuwa mzigo. Njiani ikatoka vipande vipande. Kifua kilikuwa kimembana Adèle, na mzee alipomwacha kuja mjini alikuwa bado anasema. Sentineli alikuwa amemwita Pirard. Pirard alikuwa ameuliza, kuna nini? Na Mushagalusa alikuwa amemjibu vile mtu mwenye adabu anavyojibu: bibi ya Bulonza iko mugonjwa kidogo, naomba nimwone. Ikiwa ni kidogo, Pirard akasema, ataambiwa baada ya mapumziko.

Gaston akasimama katikati ya njia. "Juu ya nini haukumwambia kweli? Juu ya nini haukulia, haukutupa majiwe mu dirisha?"

"Nimwambie yule?" Mzee alikuwa anahema. "Habari ya bibi yako niimwage ku ngazi ya batu, sawa maji ya vyombo? Nilikuja kukutafuta wewe, Gaston. Nilijua ukiniona tu, utajua. Sikuwaza kama mutu anaweza kuomba kuona mutu, wakamukataza."

Gaston akaanza kupanda tena. Angefanya vivyo hivyo yeye mwenyewe, na alijua hivyo.

Kabla ya kufika kwenye kona ya mwisho wakasikia wanawake wakilia. Hapo Mushagalusa akamshika mkono, akamshika kwa nguvu.

Walikuwa wamekwisha kumwosha na kumvika kikwembe cha misa. Kinywa kilikuwa kimefungwa vizuri. Séraphine alimpisha Gaston karibu na kitanda.

"Ametutoka si muda mrefu, Papa Clémence. Padri aliwahi. Alipakwa mafuta."

"Alisema nini?"

Séraphine alitazama wanawake wengine. "Alikuwa anauliza kama umefika. Tulimwambia uko njiani."

"Aliuliza mara moja tu?"

"Usiniulize hiyo," Séraphine akasema.

Kilio hakikuwa na mahali pa kukaa. Chumba kilijaa wanawake, na wanaume wakakaa kwenye njia, juu ya matofali na mitungi iliyopinduliwa, wakainuka kila mtu aliyebeba maji alipotaka kupita. Mvua ilipoanza, majirani walifunga shitingi ya plastiki kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, maji yakajaa katikati yake na kuwamwagikia. Kaka zake Adèle walivuka ziwa kutoka Idjwi, wakaja na mananasi na ndizi, na huzuni ya baba yao aliyekuwa mzee mno kusafiri. Hawakumuuliza Gaston kitu. Angependa wangemuuliza. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta wa baridi, akafikiri juu ya uwanja wa Muhumba uliokaa bure, na migomba, na lango la nyuma ambalo mtu mwenye mvi angelisukuma kwa mkono mmoja.

Asubuhi yake Bwana na Madame walikuja, wakipanda utelezi kwa taabu. Watu wakawatafutia viti. Madame alilia, macho yake yalikuwa mekundu tangu nyumbani. Aliinama mbele ya Gaston.

"Gaston, kama ungeniambia ni mbaya! Kama mutu angesema ni mbaya! Waliniambia kidogo. Ningekuachilia palepale, unajua ningekuachilia."

"Mutu alikuja, Madame," Gaston akasema.

"Lakini alisema kidogo!"

"Alikuja."

Madame alimgeukia mume wake ili amfafanulie. Bwana Delvigne alikuwa anatazama chumba, ukuta ulio mbele ya mlango, watu waliobanana kwenye njia. Alikuwa hajafika pale hata siku moja. "Tungebaki kwenye ile nyumba," akasema kwa Kifaransa, polepole.

"Wewe ulikuwa dirishani, Bwana," Gaston akamwambia. Lilikuwa neno la pekee lenye ukali alilowahi kumwambia mwajiri wake. Bwana aliinamisha kichwa, akalipokea.

Walizika siku ya Jumatatu. Sanduku lilitengenezwa na fundi wa parokia kwa mbao za mukaratusi, na wanaume wa shirika walilibeba kwa zamu kutoka Kadutu, kwani camion haikuweza kufika mlangoni. Katika misa padri alihubiri juu ya nyumba ya Baba yenye makao mengi. Gaston alisikiliza. Walipofika kwenye Baba Yetu alisali na wengine, lakini kwenye maneno ya mapenzi ya Mungu kutimizwa mdomo wake ulisimama, akaendelea tena kwenye mkate wa kila siku. Mushagalusa aliyekuwa kando yake alisikia, akayasema maneno yale kwa sauti zaidi, kwa niaba ya wawili.

Makaburi ya Ruzizi yalikuwa na tope. Akina Delvigne walisimama nyuma, pamoja na yule sentineli wa Shabunda aliyeomba ruhusa kuja. Monsieur Pirard hakuja. Padri alinyunyiza maji ya baraka, akasoma sala fupi kwa sababu mawingu yalikuwa yanashuka. Kaka wawili wa Adèle waliingia kaburini kupokea sanduku, wakaliweka sawasawa, wakavutwa juu. Clémence alitupa udongo wa kwanza, halafu wadogo zake, halafu Gaston.  Wanaume walichukua majembe, wakajaza, wakasimika msalaba wa mbao wenye jina la Adèle, la ubatizo. Séraphine akaanzisha fungu la rozari, wanawake wakaitikia mpaka mwisho. Kisha Gaston alifanya ishara ya msalaba, akamshika Clémence mkono, na watu wote wakaanza kupanda kurudi Kadutu.